Sura ya Sita: Nafasi Moja kwa Maisha Yote

Waandishi wa sinema wana desturi ya kumpima mwigizaji kwa orodha. Wanachukua filamu zake zote, wanatazama ipi iliuza tiketi nyingi na ipi ilipata tuzo, kisha wanazipanga nafasi alizocheza kuanzia iliyopendwa zaidi kwenda chini. Desturi hiyo ina manufaa huko ambako tiketi zinahesabiwa. Ukiileta Lubumbashi inakwama mara moja, kwa kuwa mwigizaji aliyependwa kuliko wote katika mji huu hana orodha ya kupangwa. Jina lake la nyumbani ni Odilon Kyembe. Jina ambalo mji unalijua ni Mufwankolo, na Mufwankolo ni nafasi. Aliicheza redioni, akaicheza jukwaani, akaicheza kwenye televisheni ya enzi za Zaire, mpaka nafasi ikammeza mwenyewe na jina la nyumbani likabaki la makaratasi. Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba huko kumezwa ndicho kipimo tunachokitafuta. Nafasi inayopendwa kweli huonekana kwa kazi ambayo watu wanaweza kuifanya nayo wakati kioo kimekwisha kuzimwa: kumwita kwayo jirani, kumsuta kwayo mume, kuamua kwayo ugomvi wa ua mmoja. Wingi wa macho yaliyoitazama ni jambo jingine, na mara nyingi hudanganya.

Ili kuelewa kwa nini nafasi ya namna hiyo ilizaliwa hapa, inabidi kukumbuka kwamba familia yenyewe ya mji huu ilikuwa kitu kipya. Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, ulianzishwa mwaka 1910, miaka minne baada ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kuundwa, na kwa muda mrefu wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, wakatumika, wakarudishwa kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili njia: ikaona ni nafuu kumtuliza mfanyakazi kambini pamoja na mke na watoto kuliko kutafuta mikono mipya kila mara. Kwa hiyo nyumba ilitoka kwa kampuni, posho ilitoka kwa kampuni, hospitali na shule vilevile, na mamlaka ya baba yakasimama juu ya kadi ya kazi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kizima juu ya mamlaka hayo, akifuata familia za wafanyakazi wa Katanga kuanzia 1910 hadi 1997. Mume wa kambini hakuwa na wazee wa ukoo karibu wa kumfundisha jinsi ya kuwa mkubwa wa nyumba, wala mke wake hakuwa na shangazi wa kumkimbilia. Mluba wa kutoka Kasai aliishi ukuta kwa ukuta na Mbemba, Mlunda na mtu wa Rwanda, wote wakielewana kwa Kiswahili walichokitengeneza wenyewe. Maswali ya kila siku (nani ashike mshahara, shemeji akae siku ngapi, biro ya pili, yaani hawara, ikijulikana itakuwaje) hayakuwa na mahakama iliyokubaliwa na wote. Vichekesho vikawa mahakama hiyo.

Mji ulikuwa na wachekeshaji kabla ya televisheni. Komini ya Kenya, ule mtaa wa Waafrika ulio kusini mwa mji, ndiyo iliyotoa JECOKE katika miaka ya 1950, yaani vijana wachekeshaji wa Kenya, ambao waliimba, wakacheza na kuigiza, na ambamo alipitia mpiga gitaa Edouard Masengo. Kundi la Mufwankolo limo katika mkondo huohuo, ila lenyewe lilichagua mchezo mfupi wa mazungumzo. Lilianza kusikika kabla ya kuonekana, nalo jambo hilo ni la maana: mwigizaji wa redioni hana uso wa kutegemea, hana koti wala kofia, ana sauti na namna ya kusema tu. Mtu aliyejengwa hivyo, kwa sauti, alipofika kwenye kioo alikuwa tayari anajulikana. Televisheni ilimwongezea mwili.

Tunajua jinsi kundi lilivyofanya kazi kwa sababu mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa profesa Amsterdam, aliwafuata hatua kwa hatua mwaka 1986 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1990. Chanzo kilikuwa firigisi ya kuku. Kwenye chakula na rafiki zake wa Lubumbashi, mazungumzo yaliangukia kipande hicho kidogo ambacho, kwa desturi, hupewa mkubwa peke yake, na hapo Fabian akasikia msemo kwamba madaraka huliwa mazima, hayakatwi vipande. Aliwauliza waigizaji msemo huo una maana gani. Hawakumpa ufafanuzi, waliugeuza igizo. Walikaa wakabishana kwanza: madaraka ya nani, ya chifu au ya baba? Yakiliwa mazima, mwenye kuyala si atavimbiwa? Kisha wakagawana nafasi, wakapanga mfuatano wa matukio, na wakaanza mazoezi bila karatasi yoyote ya maneno. Kila mmoja alijua tukio linaanzia wapi na linapaswa kufika wapi. Katikati ilikuwa juu yake. Fabian alirekodi mazoezi hayo, na ukiyasoma mfululizo unaona maneno yakibadilika kutoka zoezi hadi zoezi, utani mmoja ukifa, mwingine ukizaliwa, mhusika mmoja akipewa muda zaidi kwa kuwa mwenzake amemjibu vizuri. Katikati ya mwaka huo igizo likachezwa katika kijiji cha Kawama, nje kidogo ya mji, mbele ya wanakijiji, na likarekodiwa kwa ajili ya televisheni: kijiji ambacho mamlaka ya chifu yamelegea, kila mtu anafanya atakalo, mpaka utaratibu unaporudishwa.

Ninakaa juu ya mazoezi hayo kwa sababu ndiyo yanayoonyesha nafasi ni nini katika sanaa hii. Mwigizaji wa filamu ya kawaida hupewa mtu aliyekwisha kuandikwa, akamvaa kwa wiki kadhaa, akamvua. Mwigizaji wa kundi hili huingia kila hadithi na mtu wake mwenyewe mkononi. Hadithi ndiyo inayobadilika. Leo wizi, kesho ndoa, keshokutwa madaraka. Na swali analojiuliza mwigizaji ni moja tu: mtu wangu, akikutwa na hili, atasema nini? Swali hilohilo ndilo wanalojiuliza watazamaji nyumbani. Wanapocheka, wanacheka kwa sababu walikuwa wamekwisha kukisia jibu, naye amewapa walilolikisia kwa namna wasiyoitazamia. Huo ni uhusiano ambao hauwezi kujengwa na filamu moja, hata iwe nzuri kiasi gani, kwa kuwa unahitaji miaka. Na ndio unaomwezesha mtazamaji kuendelea na kazi mwenyewe. Anayejua Mufwankolo angesema nini anaweza kumsemea, jikoni, kazini, kwenye matanga, bila kumwomba ruhusa.

Ushahidi wa upendo huo hauko katika hesabu ya mauzo, maana hapakuwa na kitu kilichouzwa. Uko katika majina. Kundi zima lilijiita kwa jina la mhusika, si la mtu. Walter Schicho wa Vienna, akishirikiana na Mbayabo Ndala, alipochapisha maandishi ya michezo yao mwaka 1981, aliweka juu ya jalada jina hilohilo, Kundi la Mufwankolo. Wasomi wa Ulaya, ambao kazi yao ni kuandika jina kamili la kila mtu, walijikuta wakifuata desturi ya mitaa ya Katuba na Kamalondo. Wenzake nao walijulikana hivyo: Kachelewa, Foloko, Bwana Cheko, bibi Kalwasha. Mtu atasema majina ya jukwaani yapo kila mahali. Ni kweli, lakini jina la jukwaani la mwanamuziki ni pambo la mtu mwenyewe. Papa Wemba ni Papa Wemba akiimba na asipoimba. Hapa jina ni la mtu mwingine, mtu asiyekuwapo, ambaye mji umekubaliana kwamba yupo.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe, na ni la haki. Je, mwigizaji anayecheza nafasi moja maisha yote si mwigizaji mwenye uwezo wa nafasi moja? Shule za uigizaji zinafundisha kwamba ufundi ni kugeuka, na kwamba anayerudia mtu yuleyule amechoka au ameogopa. Nadhani shule hizo zinasahau historia yao wenyewe. Charlie Chaplin alimtoa yule maskini mwenye fimbo na kofia mwaka 1914 na kumchezesha hadi Modern Times ya 1936. Hakuna anayeiita miaka hiyo 22 uchovu. Huku kwetu Afrika Mashariki mfano ulio wazi zaidi ni Benson Wanjau wa Kenya, ambaye watazamaji wa Vitimbi na Vioja Mahakamani walimjua kwa jina la Mzee Ojwang. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Ojwang alikuwa Mjaluo, kwa jina na kwa lafudhi, na alimcheza kwa usahihi uliowafanya wengi waamini ndivyo alivyozaliwa. Hiyo ni kazi ya kugeuka kuliko ile ya mwigizaji anayebadili mavazi kila filamu. Tofauti ni kwamba Wanjau aligeuka mara moja, kisha akakaa hukohuko kwa miongo. Alipofariki Julai 2015, aliyeliliwa na watu alikuwa Ojwang. Amri Athumani wa Tanga naye aliishi na kufa, Agosti 2018, akiwa King Majuto. Wanaodhani kukaa ndani ya mtu mmoja ni rahisi wajaribu kusema jambo jipya kwa mdomo uleule kila wiki, bila karatasi, mbele ya watu wanaokujua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na silioni likijibiwa mara nyingi. Kwa sehemu kubwa ya enzi za Zaire kulikuwa na televisheni moja, ile ya serikali. Aliyeonekana humo alionekana na kila mwenye kioo, na aliyenyimwa nafasi humo hakuwapo kabisa. Kwa hiyo, anasema mwenye shaka, mnachokiita upendo ni ukosefu wa njia nyingine. Mweke yeyote kwenye chaneli ya pekee kwa miaka kumi, naye atajulikana na paka na panya. Ninakubali nusu ya maneno hayo. Kujulikana kulitoka kwenye chaneli, bila ubishi. Lakini chaneli hiyohiyo ilikuwa na mhusika mwingine aliyeonyeshwa kuliko Mufwankolo, kuliko mwanamuziki yeyote, kuliko mpira: Mobutu mwenyewe, ambaye kila jioni kabla ya habari uso wake uliteremka kutoka mawinguni. Kulikuwa pia na saa nyingi za animation politique, watu wenye sare za kitenge wakiimba na kutikisika kwa ajili ya chama. Kama chaneli ya pekee ndiyo inayozaa upendo, basi nafasi iliyopendwa zaidi katika historia ya kioo cha Zaire ni ile ya mtu wa mawinguni, na majina ya wachezaji wale wa chama yangekuwa midomoni mwetu leo. Serikali ilipoanguka mwaka 1997 picha ya mawinguni iliondoka na mwenyewe. Mufwankolo hakuondoka. Aliyepewa muda mwingi zaidi alisahaulika upesi zaidi, na hilo peke yake linatosha kututenganishia kujulikana na kupendwa.

Tena tusisahau igizo la 1986 lilihusu nini. Kijiji, chifu, wazee wanaovuta huku na huku, madaraka ambayo mwenye nayo hataki kuyagawa: mambo hayo yalichezwa ndani ya nchi yenye chama kimoja na kiongozi mmoja, kwa kamera ya taasisi ya kiongozi huyohuyo, na hakuna jina la mjini lililotajwa. Sitaki kumfanya mchekeshaji kuwa mpigania uhuru. Michezo mingi ya kundi ilikuwa ya mambo ya nyumbani, na mafunzo yake yalikuwa ya kumtii mzee na kutunza ndoa, mafunzo ambayo serikali yoyote ingeyapenda. Lakini nafasi iliyozoeleka ina faida ambayo nafasi mpya haina. Mtu mpya akisema neno la hatari, watu wanauliza ametumwa na nani. Mtu anayejulikana akilisema, watu wanasema tu, ndivyo alivyo.

Kuna upande wa kikoloni ambao hauna budi kuguswa, maana nafasi yenye jina la kudumu haikuanza na Mufwankolo. Katika miaka ya 1950 padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alipiga huko Kasai filamu fupi za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwingine mwembamba, na watu walizipenda kweli. Je, hao si nafasi za maisha yote? Kwa umbo, ndiyo. Tofauti iko kwa mwenye kuandika kicheko. Padri alijua mwisho wa hadithi kabla ya waigizaji, na mwisho huo ulikuwa somo kwa Mwafrika aliyeingia mjini asijue kuishi. Mtazamaji alialikwa kumcheka aliye nyuma yake. Katika mchezo uliotungwa na waigizaji wenyewe kwa kubishana, hakuna aliye nje ya kicheko. Mkubwa wa nyumba anachekwa na mke wake, mke na jirani, jirani na watoto, na kamera haina upande wa juu pa kusimama. Ndiyo maana Matamata na Pilipili leo ni watu wa nyaraka na wa watafiti, pamoja na ustadi wote wa waliowacheza.

Sasa tuje kwa mtu ambaye, kwa kipimo cha macho, anawashinda wote niliowataja. Marc Zinga alizaliwa Likasi, kilomita mia na kitu kutoka hapa, mwaka 1984, akakulia Ubelgiji. Ukimtaka kwa orodha, anayo, tena nzuri: Mobutu katika filamu ya televisheni Mister Bob ya 2011, Lumumba jukwaani huko Villeurbanne katika tamthilia ya Aimé Césaire mwaka 2013, mchezaji mpira wa Kiafrika katika Les Rayures du zèbre ya 2014, nafasi katika Dheepan na katika Spectre ya James Bond, zote mbili za 2015. Mkatanga mmoja aliyewacheza Mobutu na Lumumba ndani ya miaka miwili anastahili sura yake mwenyewe. Iliyotazamwa na watu wengi kuliko zote ni Spectre, bila shaka. Na hapo ndipo hesabu ya macho inapojikwaa, kwa sababu sijui ni watazamaji wangapi wangeweza kumtaja mhusika wake kwa jina wakitoka mlangoni. Mamilioni walimwona, na hawakuwa na la kufanya naye.

Nafasi yake inayogusa mji huu ni Koffi, katika Augure ya mwaka 2023, filamu ya Baloji, mwanamuziki aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na ambaye sehemu ya filamu hiyo aliipigia hapahapa. Koffi anarudi kutoka Ulaya na mchumba mzungu mwenye mimba ili kuwaonyesha wazazi. Nyumbani anaonwa kuwa mchawi tangu utotoni kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo. Katika mkutano wa familia anampakata mtoto mchanga wa dada yake, pua inatoka damu, na damu inamdondokea mtoto. Zinga hafanyi kitu kikubwa hapo: anaganda tu, uso wa mtu anayejua kwamba maelezo yote ya daktari hayatamsaidia, huku mikono ya ndugu ikiwa imekwisha kumpokonya mtoto. Ni uigizaji wa hali ya juu. Filamu ilipata tuzo ya sauti mpya katika kundi la Un Certain Regard huko Cannes, na Ubelgiji ukaipeleka kuwania Oscar kwa jina lake, jambo linaloeleza mengi juu ya nani anamiliki nini katika sinema ya Kongo. Lakini Koffi anaishi na kufa na filamu hiyo. Hawezi kuletwa kwenye harusi ya wiki ijayo. Tunamhurumia, tunamwogopea, tunamwacha alipo. Simshushi Zinga kwa kusema hivi. Nasema tu kwamba kusifiwa na kupendwa, kama ninavyolitumia neno hilo hapa, ni vitu viwili, na anayevichanganya hataelewa ni kwa nini mji unaweza kumsifu mmoja na kumwita mtoto mtukutu kwa jina la mwingine.

Steven Kanumba wa Tanzania atatajwa hapa kama pingamizi, na linajibika upesi. Alipofariki Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, maelfu walifurika mazishini Dar es Salaam. Alikuwa amecheza nafasi nyingi, Uncle JJ mmojawapo, lakini aliyependwa alikuwa Kanumba mwenyewe: sura, mavazi, ujana. Papa Wemba naye, alipocheza Kourou katika La Vie est belle ya 1987, alimkopesha mhusika umaarufu wake. Hao ni nyota, na nyota ni upendo wa aina nyingine, ambao hauhitaji nafasi yoyote.

Limebaki pingamizi ambalo siwezi kulibomoa lote. Nafasi iliyojengwa juu ya kadi ya kazi ya baba huanguka kadi inapoanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, uzalishaji wa Gécamines, mrithi wa Union Minière, ukashuka vibaya, Wakasai wakafukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993, mishahara ikakaa miezi bila kulipwa, na kuanzia 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondolewa katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Nyumba zikalishwa na mama anayeuza unga, makaa na mboga. Mkubwa wa nyumba asiye na mshahara ni mkubwa wa nini? Kichekesho cha mume anayeficha pesa kinahitaji pesa. Vijana waliozaliwa baada ya hapo wanacheka na wachekeshaji wa simu, sekunde thelathini kwa mtu mmoja, na wengi wao Mufwankolo wamemsikia kwa wazazi. Kwa hiyo nakiri kwamba nafasi ya namna hii ina umri. Ila umri wake ni mrefu kuliko wa orodha yoyote ya tiketi, na wale wachekeshaji wa simu wanaodumu zaidi ya mwezi ni walewale waliojipa jina moja, sauti moja na nyumba moja ya kugombania. Wamerudia njia ya zamani, pengine bila kujua.

Kuhusu lugha, wapo wanaosema kwamba umaarufu unaoishia mpakani Kasumbalesa si umaarufu, na kwamba Kiswahili cha michezo hiyo, chenye Kifaransa, Kiluba na Kibemba ndani yake, hakiwezi kuvuka mpaka. Hakikutungwa kivuke. Mhusika anayesema kama watu wanavyosema uani kwao ndiye wanayeweza kumwendeleza. Ukimpa Kiswahili cha vitabu, mtu wa mtaa wa Ruashi atamsikiliza kwa heshima na kumwachia mwalimu.

Kinachosikitisha ni mahali ushahidi ulipo. Maneno ya michezo ya miaka ya 1970 yalichapishwa Vienna, mazoezi ya 1986 yalichapishwa Marekani, na msomaji wa Lubumbashi anayeyataka huyatafuta kwenye maktaba za mbali au kwenye intaneti, akibahatika kupata umeme. Picha zenyewe, zile za kaseti, nyingine zimo majumbani mwa watu waliokuwa wakirekodi kipindi kutoka kwenye kioo ili shangazi aliyeko Kolwezi naye acheke. Kama nyumbani kwako ipo kaseti ya VHS iliyoandikwa Mufwankolo kwa kalamu, usiirekodie kitu kingine juu yake wala usiitupe kwa kuwa mashine imekufa. Ipeleke Chuo Kikuu cha Lubumbashi au kwenye Jumba la Makumbusho la mji, mwombe anayeipokea akuandikie tarehe na jina lako, na ukiweza mpeleke pamoja nayo mzee mmoja aliyekuwa akitazama, aseme nani ni nani.